Mwenye Timu ni Nani?

Mwisho wa mwezi uliopita nilikuwa Mombasa kumtazama mama. Jioni moja baada ya sala ya magharibi, nimeketi barazani Kibokoni na muuza kahawa amekwisha kupita mara ya pili, alinijia mzee mmoja ninayemjua tangu utotoni. Mzee huyu amekuwa katibu wa klabu ya mpira ya mtaa wetu kwa muda ambao hata yeye haukumbuki vyema.

"Shikamoo, ammi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiwe usomeshaye lugha huko chuo kikuu? Basi leo twataka elimu yako itufae."

Kwapani alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilikuwa rasimu ya tangazo. Ilitaja jina la klabu, mwaka iliyoanzishwa na vikombe ilivyotwaa. Kisha ikasema kwamba klabu hiyo "inatafuta", na baada ya neno hilo palikuwa na vistari vitupu, mithili ya swali la kujaza mapengo katika mtihani wa shule ya msingi.

"Hapo ndipo kamati ilipokwama," akanambia. "Mmoja asema tuandike mfadhili. Mwengine ashikilia mdhamini. Wa tatu asema tusijifite, tuandike mmiliki, kwani ndiye tumtakaye. Wewe wasemaje?"

Klabu yenyewe sitaitaja jina. Haijapata kucheza ligi kuu, na pengine haitacheza; lakini hakuna nyumba katika vichochoro vyetu ambayo haijapata kuanika jezi zake. Sasa imezama katika deni. Inadaiwa kodi ya chumba cha klabu, ada za ligi, malipo ya marefa, nauli za kwenda Malindi na Voi, na jezi zilizokopwa dukani misimu miwili iliyopita. Amejitokeza tajiri mmoja aliye tayari kulipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Masharti yake ni matatu: jina la klabu libadilike liwe la biashara yake, rangi za jezi zifuate rangi za magari yake, na timu ihame kisiwani iende ng'ambo ya daraja, ambako ana kiwanja. Amewapa hadi mwisho wa mwezi. Kamati, kabla ya kumjibu, ilitaka kwanza itangaze hadharani ili ijue kama yupo mwengine mwenye masharti mepesi zaidi.

Nilichukua kalamu, kisha nikaiweka chini. Mimi ambaye kila mwaka husahihisha karatasi chungu nzima za semantiki, nilikosa jibu. Maneno hayo matatu, pamoja na la nne ambalo nitalitaja punde, huandikwa na magazeti yetu kana kwamba ni visawe. Si visawe hata kidogo. Kila moja limebeba mkataba wake tumboni.

Mfadhili ni mtu wa fadhila. Atoapo hutoa kwa hiari, na kwa hiari iyo hiyo huacha. Hakuna mahakama itakayomshtaki mtu kwa kuchoka kutenda wema. Mdhamini ni mwengine kabisa. Huyu amesimama mbele ya watu akasema, "Huyu akishindwa, nishikeni mimi." Walimu wenzangu wanaofundisha isimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi zuri kutokana na kurasa za michezo za mwaka 2019, wakati kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa nchini Kenya kwa sababu ya mzozo wa leseni na kodi. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, ziliachwa zikihangaika na mishahara ya wachezaji. Kila gazeti liliandika kwamba mdhamini amejitoa. Lakini mdhamini hajitoi siku ya deni. Siku ya deni ndiyo siku yake. Aliyekuwapo alikuwa mfadhili, tena mwenye biashara, ila tulimvisha joho lisilo lake.

Neno la nne ni mlezi. Hili walimu wanalijua vyema, kwa sababu hakuna shule isiyo na mlezi wa chama cha Kiswahili, naye aghalabu ni mwalimu asiyelipwa chochote kwa kazi hiyo. Mlezi hukaa na mtoto asiye wake hadi akue. Klabu zetu hupenda kuwapa wanasiasa cheo hiki wakati wa uchaguzi, nao hukipokea kwa furaha na kukisahau kwa haraka.

Linabaki mmiliki. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu uliotupa pia milki, mamlaka na malkia, na ukoo huo hauna siri: mwenye kumiliki ndiye mwenye kuamuru. Anaweza kukipamba kitu chake, kukiuza, kukibadilisha jina, na akipenda kukivunja. Sisemi haya kwa kumkebehi. Ndiyo maana ya neno.

Tena tuseme kweli. Timu iliyodumu kwa nguvu kuliko zote Pwani katika miongo hii ni ile yenye mmiliki anayejulikana. Bandari ilianza mwaka 1960 kama timu ya wafanyakazi wa bandarini, ikapitia majina kadhaa hata ikaitwa hilo ililonalo katika miaka ya 1980, na nyuma yake limesimama shirika la umma, Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Bila mgongo huo isingalitwaa ngao ya taifa mwaka 2015 na tena mwaka 2019, wala isingalimaliza ya pili katika ligi kuu mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Mchezaji wa Bandari amekuwa na hakika ya mshahara ambayo wenzake wa klabu za mitaa huisikia tu. Lakini mkono uliojenga ndio uliokuwa na uwezo wa kubomoa: mwishoni mwa miaka ya 1990 timu ilivunjwa, na miaka kadhaa ikapita kabla haijafufuliwa. Hapakuwa na mashabiki waliopiga kura siku ya kuivunja, wala siku ya kuifufua. Hawakuwa na kura. Mwenye mali aliamua juu ya mali yake.

Wazee wa barazani hawakubali mazungumzo yaishie hapo. Ukiwatajia Bandari wao watakutajia Feisal, klabu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa na miaka miwili tu tangu kuanzishwa. Na ukiitaja Feisal, hapana budi asimame mwengine aitaje Liverpool, ile ya Mombasa, ambayo baadaye iliitwa Mwenge, na ubishi utaendelea hadi kahawa ipoe. Mimi sikuziona, nimezaliwa nyuma. Nilichokiona ni nyuso za wanaozisimulia. Mzee huyu wetu haelezi mechi kwa kusema "Feisal walifunga". Husema "tulifunga", naye siku hiyo alikuwa mtoto wa kuokota mipira nyuma ya goli.

Nafsi ya kwanza wingi, basi. Ungaliuliza zamani katika mtaa, "Timu hii ya nani?", ungalijibiwa, "Ina wenyewe." Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa chombo ambacho hukumu za biashara hazina. Shina -enye huonyesha kuwa na kitu, lakini halisemi kamwe kwamba aliye nacho anaweza kukiuza. Mwenye duka anaweza kuuza duka. Lakini mwenyekiti hauzi kiti, wala mwenyeji hauzi mji. Cheo cha mwinyi, kilichowahi kubebwa na watu wakubwa wa pwani hii, ni cha shina hilo hilo, na hakikuwa hati ya kumiliki shamba. Kilikuwa jina la mtu ambaye jambo likiharibika yeye ndiye huulizwa. Mwenyewe ni yule wa kuulizwa. Na neno hilo likiwekwa katika wingi, wenyewe, halihitaji kubadilika maana ili lienee watu elfu.

Najua msomaji mwenye hesabu zake ataniuliza: kama Feisal ilikuwa na wenyewe, sasa iko wapi? Swali ni la haki, na sitalikwepa kwa ushairi. Wenyewe pia hufilisi. Mchango wa mtaa uliweza kununua viatu na kukodi basi, lakini haukuweza kumpa mchezaji kazi. Kampuni ziliweza. Kenya Breweries, timu ya kampuni ya bia, ilitwaa ubingwa mwaka 1972, tena 1977 na 1978, na kijana wa Majengo au Bondeni aliyeitwa na shirika, akapewa ajira pamoja na jezi, angekuwa mjinga kukataa. Nadhani hapo ndipo klabu za mitaa zilipoanza kukauka, polepole, mchezaji mmoja baada ya mwengine. Kuna na jambo la pili ambalo wazee hawapendi kulisema: hesabu zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja au wawili, na watu hao walipofariki, hesabu zilizikwa nao.

Tena uwanja. Uwanja wa Manispaa, ambako mjomba wangu alinipeleka nikiwa na umri wa miaka minane tukakaa upande wa jua kwa sababu upande wa kivuli ulikuwa ghali, ulibomolewa katika miaka ya mwisho ya 2010 ili ujengwe upya, na kazi ikakokota mwaka baada ya mwaka. Bandari yenyewe, ilipoiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2019, ilicheza mechi zake za nyumbani Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka nyumbani. Kama mwenye mali na nguvu zake zote hana pa kuchezea, klabu ya kichochoroni itacheza wapi? Tajiri wetu ana kiwanja. Tusimdharau mtu mwenye kiwanja.

Lakini yuanunua nini hasa? Hili ndilo swali nililomuuliza ammi, naye akatabasamu kwa sababu alikuwa ameshalifikiria. Klabu nyingi za mitaa nchini Kenya zimesajiliwa kama vyama. Chama hakina hisa. Kina wanachama, kamati na wadhamini wanaoshika mali kwa niaba ya wanachama. Hakuna basi kipande cha klabu ambacho mtu anaweza kukitia mfukoni. Kinachouzwa kwetu, tunaposema klabu imeuzwa, huwa ni nafasi katika ligi. Mnunuzi hachukui historia. Huchukua tiketi ya kuingilia. Ndiyo maana hana haja ya jina la zamani wala rangi zake.

Mfano haupo mbali. Nakumatt, lile duka kuu lililokuwa na matawi hadi huku Mombasa, lilikuwa na timu katika ligi kuu. Duka lilipofilisika, mwaka 2018 timu ikaenda kwa mwenye mali mwengine na kuitwa Mount Kenya United. Mwaka 2019 ikashuka daraja. Huko Uingereza kuna kisa kibaya zaidi. Klabu ya Bury, iliyoundwa mwaka 1885 na iliyowahi kutwaa Kombe la FA mara mbili, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni moja. Pauni moja! Bei ya gazeti. Mnunuzi aliuchukua pamoja na mzigo wa madeni, na tarehe 27 Agosti 2019 klabu ikafukuzwa katika ligi ambayo ilikuwa imecheza tangu mwaka 1894. Bei ndogo haikumaanisha kwamba klabu haina thamani kwa watu wa mji ule. Ilimaanisha kwamba thamani hiyo haikuwa na safu katika daftari la muuzaji.

Majirani zetu Watanzania walijaribu njia ya katikati. Tarehe 3 Desemba 2017 wanachama wa Simba, klabu iliyoundwa mwaka 1936, walikubali mwekezaji mmoja apate asilimia 49 kwa shilingi za Tanzania bilioni 20, na asilimia 51 ibaki kwa wanachama. Utekelezaji wake umekuwa na maneno mengi, nami si mwanasheria wa kuyapima. Ninachokitazama ni kwamba kabla ya fedha kuzungumzwa, palikuwa na orodha ya wanachama wa kupiga kura. Wajerumani nao huweka kanuni kama hiyo kwa ligi yao: wanachama wabaki na wingi wa kura, awe mwekezaji ana fedha kiasi gani.

Lakini kwa nini twende Ujerumani? Mji huu umewahi kuendesha vyama vikubwa bila mmiliki hata mmoja. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vyenye viongozi, vyeo, sare na michango, na utani wao ulikuwa mkali kuliko wa Gor na Leopards. Kabla yao na pamoja nao palikuwa na ngoma za beni, Kingi na Skochi, ambazo ziliugawa mji mapande mawili. Vyama hivyo navyo viliingia katika gharama za kushindana, wala sitaki kuvipaka asali. Hata hivyo hakuna aliyeamka asubuhi akakuta Banu Saada imehamishwa ng'ambo na kupewa jina la lori.

Na lipo la pili, ambalo watu wa Mji wa Kale wanalipita kila siku wakielekea msikitini. Nyumba ngapi katika vichochoro vyetu ni wakfu? Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Msimamizi hubadilika, mpangaji hubadilika, kodi hupanda na kushuka, lakini asili ya kitu husimama na manufaa yake huwaendea walioandikiwa. Kenya ina tume ya kuvisimamia vitu hivyo kwa sheria tangu enzi ya ukoloni. Sisemi klabu ya mpira ipelekwe mbele ya tume hiyo. Mashehe watanicheka, na watakuwa na haki. Nasema wazo lenyewe tunalo nyumbani: kutenga kile kisichouzwa na kile kinachoweza kukodishwa. Jina, rangi na makao viandikwe katika katiba ya klabu kuwa havina bei. Kifua cha jezi, ubao wa uwanjani, basi, mapato ya milangoni, hivyo tajiri na avikodi kwa miaka mitano, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa apendavyo.

Nilimweleza ammi haya yote kwa maneno mafupi kuliko hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na akikataa?"

Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilimwambia akikataa, deni litabaki na timu itabaki, na pengine msimu mmoja haitacheza. Akatikisa kichwa. Msimu mmoja bila kucheza, alisema, vijana wanne au watano watakuwa wameshaingia katika mambo ambayo hawatatoka. Yeye yuawajua kwa majina na mimi siwajui. Hapo nilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilikuwa nzito kuliko etimolojia yangu.

Tuliandika tangazo hata hivyo. Mahali pa vistari vitupu tuliandika kwamba klabu inatafuta "mdhamini wa deni lake kwa muda wa miaka mitano", na chini yake tukaongeza sentensi ya pili: kwamba wenyewe wote wanaitwa chumbani Ijumaa baada ya laasiri, kila mmoja na kadi yake. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kadi za mwisho, alisema, zilipigwa chapa kabla ya mimi kwenda kusoma Nairobi.

Alimtuma mtoto dukani akanunua daftari la shule, lile la kurasa 96. Akaandika jina lake katika mstari wa kwanza, na mbele yake shilingi mia mbili. Kisha akanigeukia na kunyosha mkono.

"Lete kitambulisho, mwalimu. Au wewe mtezo wetu ni wa kusomeshea tu?"

Nilitoa. Nikawa wa pili. Muuza kahawa, aliyekuwa amesimama akisikiliza muda wote huo na ambaye ni shabiki sugu wa Gor Mahia, aliuliza kama mtu wa nje ya mtaa yuaruhusiwa, akaambiwa alete fedha kwanza na maswali baadaye. Akawa wa tatu. Nilipopanda gari la moshi kurudi Nairobi siku mbili baadaye, daftari lilikuwa na majina thelathini na moja, wanawake sita miongoni mwao, na fedha zote hazikutosha hata kodi ya chumba ya miezi miwili. Tajiri alikuwa amempigia ammi simu mara mbili. Kikao ni Ijumaa hii.